Ghadhabu Zina Lugha: Santuri Tatu za Hevi Metali



Kwa muda mrefu sasa wazee, na kina mama zaidi, wananijia baada ya darsa na suala moja. Ni muziki gani huu wanaousikiliza watoto wetu, wenye makelele kama karakana ya mabati, na mwimbaji ananguruma kana kwamba amekabwa koo? Wengine hawaulizi tena, wamekwisha kukata hukumu: hiyo ni ibada ya shetani, simu ivunjwe na mtoto akasomewe.

Kusomewa ni kheri, wala simkatazi mtu. Lakini kumtupia mtu neno zito kama hilo kabla ya kujua alisemalo si mwendo tuliofunzwa na masheikh wetu. Kadhi anayesikiliza upande mmoja amedhulumu. Je, yule asiyesikiliza upande wowote? Basi nimekaa na santuri tatu. Nasema santuri kwa mazoea ya zamani, ijapokuwa siku hizi zote zimo ndani ya simu. Nimezisikiliza mwanzo mpaka mwisho, na palipoandikwa maneno yake nikayasoma. Ya kwanza ni ya Waarabu wa Saudi Arabia, ya pili ni ya kijana wa Kenya, na ya tatu ni ya wasichana watatu wa Java, Indonesia, wenye kuvaa hijabu. Redio zetu hazizipigi. Zinapita mkono kwa mkono na simu kwa simu, na ndiyo maana mzazi huwa wa mwisho kujua.

Tuanze na muziki wenyewe, kwani ajaye nyumbani kwako huulizwa kwanza ametoka wapi. Hevi metali ilizaliwa Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Kijana mmoja mpiga gitaa, Tony Iommi, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati, na mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa kushoto, kwa hivyo hivyo ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimwumize. Uzi ukilegea sauti hushuka ikawa nzito, na huo ndio uzito ambao vijana wa dunia nzima wanauiga mpaka leo. Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa santuri ya kwanza tarehe 13 Februari 1970. Jina walilipata kwenye filamu ya kutisha, baada ya kuona kwamba watu hutoa fedha zao wenyewe wapate kutishwa. Hiyo ni biashara, na katika biashara ile shetani alikuwa kibao cha mlangoni. Lakini katika santuri yao ya pili, ya mwaka huo huo, mna wimbo unaowalaumu majemadari wanaowapeleka maskini vitani wakafe, na mwisho wake majemadari hao wamepigishwa magoti siku ya hukumu. Mwimbaji wao Ozzy Osbourne alifariki Julai 22, 2025, siku 17 tu baada ya kuimba kwa mara ya mwisho katika mji wao.

Kibao cha mlangoni, hata hivyo, wapo waliokisoma kwa dhati. Huko Norway, tarehe 6 Juni 1992, kanisa la mbao la zamani la Fantoft, karibu na Bergen, lilichomwa moto, na mengine yakafuata. Mmoja katika wanamuziki waliojulikana sana wa kundi lile alihukumiwa mwaka 1994 kifungo cha miaka 21 kwa kumwua mwenzake na kuchoma makanisa. Hapa nasimama nimwambie kijana anayeipenda bendi ya namna ile na kusema, "hayo ni makanisa, yatuhusu nini?" Fungua Suratul Hajj, utazame nyumba gani za ibada zimetajwa pamoja na misikiti. Mwenye kufurahia kuchomwa kwa kanisa hana haki ya kulia siku msikiti ukichomwa.

Kwa hivyo hofu ya wazazi haikutoka hewani. Lakini hofu nayo ina madhambi yake. Januari 1997 nchini Misri vijana karibu mia walikamatwa usiku majumbani mwao, magazeti yakaandika kwamba ni waabudu shetani, na mwisho wakaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Mwaka 2003 huko Casablanca, Morocco, vijana 14 walihukumiwa kwenda jela, na miongoni mwa vielelezo vilivyowekwa mbele ya mahakama zilikuwamo fulana nyeusi zenye mafuvu. Wengi wao waliachiwa katika rufani. Ewe msomaji, fulana si itikadi. Anayejua sharti za ushahidi katika fiqhi yetu, na anayejua uzito wa kumwita Mwislamu kafiri, atatetemeka kusoma habari kama hizi. Kijana aliyeitwa mwabudu shetani mbele ya majirani zake akiwa na umri wa miaka kumi na saba, hata akiachiwa, nani atamrudishia jina lake?

Najua lipo suala jingine mnalolingojea, nalo ni hukumu ya ala za muziki. Sikukaa kutoa fatwa hapa. Sisi watu wa mwambao ni Shafii kwa wingi wetu, na maneno ya wakubwa wa madhehebu yetu katika ala za nyuzi yanajulikana. Ibn Hajar al-Haytami alitunga kitabu kizima cha kuyakataza. Ibn Hazm alikwenda njia nyingine. Imam Ghazali katika Ihyaa akapambanua: akatazama mwimbaji, akatazama ala, akatazama maneno yanayoimbwa, akatazama hali ya anayesikiliza. Mimi sibadilishi neno katika hayo niliyosomeshwa. Ninachosema ni kwamba kujua kinachosemwa si kukihalalisha, na kwamba aliyekesha kwenye taarabu ya harusi kwa udi na ganuni, akarudi alfajiri amechelewa sala, hana uso wa kumkemea mwanawe kwa gitaa. Kipimo nitakachokitumia hapa ni kile cha maneno na hali. Nitauliza mtu huyu anasema nini, anamwambia nani, na je, ghadhabu yake ni ya kweli?

Nianze na Waarabu. Bendi yao inaitwa Al-Namrood, na ilianzishwa mwaka 2008 katika mji wa Khobar. Wakati ule Saudi Arabia haikuwa na tamasha za muziki za hadhara wala majumba ya sinema. Sinema zilifunguliwa tena mwaka 2018. Vijana hawa wamejificha majina yao tangu mwanzo, na santuri zao zimetolewa na kampuni ndogo ya ng'ambo, Canada. Nimesikiliza ile ya mwaka 2020, iitwayo Wala'at.

Kwa anayejua Kiarabu, bendi hii ni rahisi kuisoma kuliko nyingine zote, kwani majina ya kazi zao yametoka katika msamiati wetu moja kwa moja. Wana santuri iitwayo Kitabu cha Masanamu, wana nyingine ambayo jina lake ni kusema "Mimi ndiye tughyani", na nyingine yaitwa Inkari. Hii niliyoisikiliza imebeba neno walaa, utiifu ambao mtu humpa mkuu wake, ambalo kila mwanafunzi wa tauhidi amelisoma. Na Namrudh ni yule mfalme aliyehojiana na Nabii Ibrahim, alayhi ssalaam, akadai kuwa yeye naye huhuisha na hufisha. Wamechagua kusimama upande wake. Sikuficheni: ni uasi wa dini, umesemwa waziwazi, wala hapana taawili ya kuutolea.

Lakini mimi nimekaa kama mhakiki, na mhakiki huuliza uasi huu umejengwa kwa nini. Na hapa ndipo ilipo ajabu yake. Magitaa ni ya Kizungu, lakini mwendo wa sauti ni wa Kiarabu, maqamu zile zile ambazo makari wetu huzipanda na kuzishuka. Udi umo. Lugha ni fasihi. Msamiati, kama nilivyosema, ni wa vitabuni. Ni mfano wa mtoto aliyegombana na nyumba yao, akatoka usiku kwa hasira, akachukua sufuria, mikeka na taa zote za mama yake, akaenda kufungua nyumba ya pili ng'ambo ya barabara ili watu waone kuwa hana haja na nyumba ile. Kila alichonacho ni cha kule alikokukimbia.

Je, ghadhabu yenyewe ni ya kweli? Naamini ni ya kweli. Mtu aliyeishi zama ambazo dini alifikishiwa kwa fimbo zaidi kuliko kwa mwalimu huweza kuichukia fimbo, kisha akauchukia na mti ulikokatwa. Kosa la aliyeishika fimbo lipo, na haliwafutii hawa kosa lao. Lakini kama fani, santuri hii ina upungufu ambao hata asiye na dini ataukubali. Dhulma inatajwa, utumwa unatajwa, udanganyifu unatajwa, na hatumwoni mtu hata mmoja aliyedhulumiwa. Hamna mtaa, hamna mlango, hamna mama anayemngojea mwanawe. Shairi la kulaumu bila ya aliyetendwa hugeuka hotuba, na hotuba ya ukafiri inachosha kama hotuba nyingine yoyote ndefu. Tena wamesahau kisa cha jina lao. Wafasiri wetu wanasimulia kwamba Namrudh aliangamizwa na mbu aliyemwingia puani. Bendi yenye kupenda makelele makubwa kiasi hiki ingefaa imkumbuke yule mdudu mwenye sauti ndogo.

Mtoto wako akiwa na santuri hii, usimpige. Mwambie akutafsirie majina. Uwezekano ni mkubwa kwamba hajui maana hata ya moja, amependa mtetemo tu, na akijua atakuwa na la kufikiri.

Santuri ya pili ni ya karibu nasi. Nairobi imekuwa na bendi za namna hii kwa miaka mingi, nazo zikipiga mbele ya watu wachache. Mwaka 2020 vijana wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa santuri kwa jina la Duma, kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sisi Waswahili tukisikia duma twamwona mnyama mwenye mbio. Wao wasema kwa Kikuyu ni kiza. Vyote viwili vimo mle, mbio na kiza. Kisha Khanja, akijiita Lord Spikeheart, akatoa peke yake santuri ya The Adept, Aprili 2024.

Hii ameiweka kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, ambaye anamhesabu katika nyanya zake. Wenye kukumbuka historia ya Kenya watamjua: mwanamke wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Fildi Mashali, akakaa msituni mpaka uhuru wa mwaka 1963, na nywele alizosokota huko hakuzikata mpaka Aprili 2022. Alifariki Septemba 2023. Basi msikilizaji huja akitarajia kusimuliwa kisa. Hapana kisa. Pana kilio. Maneno mengi hayashikiki, kwani yamesagwa ndani ya koo kabla ya kutoka, na nyuma yake mashine zinapiga ngoma kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauiwezi.

Kwetu sisi kuomboleza kwa mayowe juu ya maiti kumekatazwa, na mimi niliposikiliza lilinijia neno hilo hilo, niyaha. Hii ni niyaha ya mjukuu juu ya bibi na juu ya waliokufa pamoja naye msituni na kambini bila ya kuzikwa kwa heshima. Sina shaka kwamba analia kweli. Shaka yangu ni juu ya kipimo. Waliotunga marthiya, Waarabu na Waswahili, walijua kwamba kilio kinataka pumzi: beti moja ya uchungu, beti moja ya kumtaja marehemu alivyokuwa, mikono yake, ukarimu wake, namna alivyocheka. Hapa hapana pumzi. Ukifika wimbo wa nne huwezi kuutenganisha na wa pili, na bibi yule mkubwa, aliyestahiki kujulikana na kila mtoto wa Kenya, amepotea ndani ya vumbi la maombolezo yake mwenyewe. Kijana ameweza kutisha, na hilo si dogo. Natamani angemtaja bibi yake polepole, mara moja tu, tukasikia. Sina la zaidi juu ya santuri hii.

Nakuja kwa wasichana wa Java, na hapa niruhusuni nikae zaidi, kwani hawa walisoma shule kama zetu na wanasema nasi.

Firda Marsya Kurnia, Widi Rahmawati na Euis Siti Aisyah ni watoto wa wakulima wa Garut, Java ya Magharibi. Walikuwa wanafunzi wa shule ya Kiislamu huko Singajaya walipoanza mwaka 2014. Mwalimu wao wa ushauri, Ersa Eka Susila Satia, aliwaona ni wakaidi, wenye maneno mengi darasani, akawatia katika mchezo wa kuigiza, kisha katika muziki. Ndani ya kompyuta yake wakakuta nyimbo za System of a Down, bendi ya Wamarekani wenye asili ya Kiarmenia, wakazipenda. Wakajiita Voice of Baceprot. Baceprot ni neno la Kisunda, yaani makelele, domo lisilonyamaza; bila ya shaka ndilo walilokuwa wakiitwa. Marsya anaimba na kupiga gitaa, Widi anapiga besi, Siti anapiga ngoma. Ulaya walikwenda mwaka 2021, na tarehe 28 Juni 2024 wakasimama katika tamasha la Glastonbury, Uingereza, bendi ya kwanza kutoka Indonesia kufika hapo. Santuri yao ya kwanza kamili, Retas, ilitoka Julai 2023. Neno hilo kwa Kiindonesia ni kufumuka kwa mshono. Kina mama mnaoshona mtalielewa kabla yangu: nguo haikuchanika, ni uzi uliokuwa ukibana mno ndio umeachia.

Na huo ndio mwendo wa santuri nzima. Hawachani kitu. Dini yao hawaikani, nchi yao hawaitukani, wazazi wao hawawadharau. Wanatafuta mahali uzi umebana. Upo wimbo wa zamani kidogo, School Revolution, uliotoka kwanza mwaka 2018, unaolalamikia shule inayowakata vijana wote kwa kigezo kimoja kama vitambaa. Nimefundisha zaidi ya miaka arubaini, na nakiri kwamba hoja ile naijua kutoka upande wa pili wa meza. Mwanafunzi mwenye kuuliza sana huitwa mtovu wa adabu. Mara nyingine ni kweli hana adabu. Mara nyingine mwalimu hana jawabu.

Wimbo uliojulikana zaidi ni ule ambao jina lake ni dua: wanamwomba Mungu awaruhusu kupiga muziki. Uliandikwa baada ya mambo mazito. Walitishwa, waliambiwa waache, na wamesimulia kwamba siku moja Marsya alirushiwa jiwe lililofungwa kwa karatasi ya matusi. Katika wimbo wanasema kwamba wao si wahalifu, na wanashangaa kwa nini wanatazamwa kama wahalifu. Sasa tuupime. Kama ni dua, ina kasoro ya adabu, kwani mwenye kuomba ruhusa hungoja, naye haombi huku ameshika gitaa mkononi. Lakini mimi siioni kuwa ni dua. Ni barua ya watu iliyotiwa katika bahasha ya Mungu. Wameandikiwa walimu, maimamu na majirani, na wamejua kwamba lau ingeandikwa majina yetu juu ya bahasha, tusingeifungua. Hiyo ni akili ya utunzi, na ni ya kusikitisha pia. Mtoto wa madrasa akiona njia ya kumfikia mwalimu wake ni kupitia jukwaa la Ulaya, basi njia fupi ya kutoka barazani kwake mpaka kwetu imezibwa na nani?

Juu ya jiwe lile nasema neno moja. Aliyelirusha alidhani anaitetea dini. Sijaona katika kitabu chochote cha fiqhi, cha madhehebu yoyote, mlango wa kuwarushia mawe watoto wa kike njiani.

Upo wimbo mwingine, wa mwaka 2022, ambao maana ya jina lake ni kwamba mwili wa mwanamke si mali ya umma. Nilikuwa naye mjukuu wangu wa kike siku niliyousikiliza, akinisomea maneno. Nikamwambia kwamba mimi, pamoja na yote haya, nisingempa ruhusa apande jukwaani mbele ya maelfu ya wanaume, na hukumu ya sauti ya mwanamke maulamaa wameizungumza naye ameisoma. Akanyamaza. Kisha akasema, "Babu, mimi sitaki kupanda jukwaani. Mimi nataka kutoka chuoni mpaka nyumbani bila ya kuitwa na kila baraza." Nikamwuliza mabaraza gani. Akayataja moja moja, na yote nawajua wenyewe, na baadhi yao husali safu ya mbele.

Basi ndugu zangu, huo wimbo hausemi jambo la Kizungu. Wanaume wameamrishwa kuinamisha macho kabla wanawake hawajaamrishwa lolote juu ya nguo. Kaitazameni Suratun Nur mpangilio wake. Wasichana hawa wamevaa hijabu kamili na bado wanafuatwa kwa macho na kwa maneno, na hilo ndilo linalokata hoja ya wale wanaosema anayeudhiwa ni asiyejistiri. Na mwambao wetu si mgeni wa wimbo kama huu. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, aliimba kisa cha Kijiti, mwanamume aliyemwua mwanamke akatorokea bara, huku waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Watu wazima walikaa wakamsikiliza, wala hapana aliyesema ni shetani. Tofauti ni kwamba Siti aliimba kwa Kiswahili cha nyumbani, kila mtu akashika kila neno.

Na hapa ndipo ninapoilaumu Retas. Sehemu kubwa ya nyimbo zake nzito ni ya Kiingereza, lugha waliyojifunza ukubwani, na inasikika. Sentensi ni fupi, za daftari la darasa. Zinasema jambo la haki lakini hazina pembe, hazina fumbo, hazina ile ladha ya neno lililokaa kinywani tangu utotoni. Wanapoimba Kiindonesia, kama katika Kawani, Tarung!, ambao ni wito kwa mwanamke mwenzao apigane, sauti ya Marsya inabadilika mara moja. Inapinda, inacheza, inadhihaki. Na wamo katika santuri hii watu hai, jambo ambalo Al-Namrood hawanalo. Najua kwa nini wamechagua Kiingereza: wanataka wasikike mbali. Lakini jirani yao wa Garut, ambaye ndiye mwenye kesi, ameachwa nje ya mlango. Bibi wa kijijini asiyejua Kiingereza hatajua kwamba mjukuu wake amemtetea.

Kwa upigaji sina ujuzi wa kusema mengi. Nasikia besi ya Widi ikitembea peke yake pale gitaa linaponyamaza, na ngoma za Siti zina nidhamu ambayo ningependa kuiona katika matari yetu ya maulidi siku hizi, ambayo yamekuwa kila mmoja na mwendo wake. Ni watu watatu tu, na nafasi baina yao inasikika. Ile pumzi niliyoitaka katika santuri ya Nairobi, hawa wanayo.

Waulizaji wangu watataka kujua sasa: je, mtoto asikilize au asisikilize? Hukumu ya ala mmekwisha kuisikia, na kila mzazi ana madhehebu yake na sheikh wake. Juu ya maneno, Al-Namrood nisingeiacha nyumbani kwangu, na sababu nimezitaja kwa majina yake. The Adept itapita yenyewe. Retas nimemwachia mjukuu wangu, kwa sharti kwamba anitafsirie na nyimbo zilizobaki, na tumekubaliana siku ya Alkhamisi.

Sharti la pili ni la sauti yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 masaa 40 kwa wiki bila ya kuharibu masikio, lakini ikifika desibeli 100 asizidishe dakika 20, nazo ni za wiki nzima, si za siku. Vyombo vya masikioni hufika huko kwa urahisi, na vijana huvipandisha mpaka mwisho. Santuri ya Lord Spikeheart peke yake inapita dakika hizo, kwa hivyo asiyepunguza sauti atakuwa amekwisha kula fungu lake la wiki kabla hajafika wimbo wa mwisho.